Fungueni sava! Haya, na mkishaifungua?

Nimekuwa kimya hapa kwa wiki kadhaa, kazi zimenibana. Lakini juzi nilikuwa matangani Ndhiwa, na maneno yaliyosemwa chini ya lile hema yamenikwama kooni mpaka leo. Basi acha niyateme. Watakaokasirika wakasirike, mmeshanizoea.

Ilikuwa hivi. Tumekula, wageni wa mbali wameanza kuaga, wazee wamevuta viti vya plastiki karibu karibu, na mazungumzo yakaingia siasa. Huku kwetu, kuanzia Migori hadi Homa Bay, mazungumzo yakishaingia siasa hayatoki tena. Mmoja akasema 2017 tuliibiwa. Mwingine akasema 2022 tuliibiwa zaidi. Wa tatu akasema 2027 tutaibiwa vilevile, na sasa Baba hayupo, nani atatusemea? (Raila alitutoka tarehe 15 Oktoba 2025. Bado kuna wazee kwetu wanaomtaja kama mtu aliyeenda safari, na siwalaumu.) Ndipo mjomba wangu, ndugu mdogo wa mama, akanigeukia.

"Mpwa wangu, sisi ndio tuliouza ng'ombe ukasomea kompyuta. Hebu tuambie. 2027 utaweza kuingia ndani ya ile sava utuonyeshe kura zetu?"

Watu wakacheka, lakini yeye hakucheka. Alikuwa anauliza kwa dhati kabisa.

Nikamjibu, "Mjomba, kura zetu hazimo ndani ya sava."

Akanitazama kama mtu aliyegundua kwamba ng'ombe wake aliliwa bure.

Sasa, wenzangu tunaoandika programu tunajua sava ni kitu gani. Ni kompyuta kama hiyo unayosomea haya, ila mara nyingi haina skrini na imefungiwa kwenye chumba chenye baridi. Hutunza ilicholishwa. Ukiilisha ukweli itautunza ukweli, ukiilisha uongo itautunza uongo kwa uaminifu uleule, tena na nakala ya akiba juu. Lakini kwetu nyumbani sava imegeuka kuwa kitu kingine. Imekuwa kama pango la mizimu. Ndani yake mna ushindi wetu, umefungwa kwa minyororo, na siku moja atakuja shujaa mwenye nywila auachilie. Hii ni imani, jamani, wala si teknolojia. Na ni imani inayotugharimu.

Kabla hamjaniita msaliti, nisikilizeni. Sisemi kwamba shaka yetu ilitoka hewani. Mimi ni mzaliwa wa Migori, na kura yangu ya kwanza maishani niliipiga tarehe 8 Agosti 2017 nikiwa na miaka 19. Tarehe 1 Septemba Mahakama ya Juu ikaufuta ule uchaguzi wa urais. Ukarudiwa tarehe 26 Oktoba, na kaunti nne hazikupiga kura: Kisumu, Siaya, Homa Bay na Migori. Upinzani ulisusia, vijana wakafunga barabara, polisi wakafyatua risasi, watu wa Nyanza wakafa katika miezi ile. Tume ikaahirisha upigaji kura katika kaunti hizo, na siku yenyewe haikuja kamwe. Rais akaapishwa. Kwa hiyo mtu asinifundishe uchungu. Kura yangu ya kwanza ilifutwa, ya pili haikupigwa.

Na wala sijasahau 2007, ingawa nilikuwa mtoto wa miaka 9. Nakumbuka moshi wa matairi Migori mjini, na nakumbuka duka la jirani yetu likichomwa. Alikuwa akiniuzia kalamu na maandazi. Hakuwa Mjaluo, na hilo ndilo lililokuwa kosa lake lote. Hakurudi tena. Tarehe 2 Januari 2008 mwenyekiti wa tume wakati huo, Samuel Kivuitu, aliwaambia waandishi wa habari kwamba hajui kama Kibaki alishinda. Msimamizi wa mtihani hajui nani kapasi! Zaidi ya watu 1,100 walikufa katika vurugu zile, na mwenye duka wetu alipoteza kila kitu, kwa sababu ya hesabu ambayo hakuna aliyeweza kuionyesha.

Sasa niulizeni, 2007 kulikuwa na sava gani?

Turudi nyuma zaidi. Mwaka 1988 tulipiga kura za mchujo za KANU kwa mlolongo. Waliozaliwa juzi kama mimi tumesimuliwa tu: watu wanapanga foleni nyuma ya mgombea wao au picha yake, mchana kweupe, kila mtu anaona. Hakuna kompyuta, hakuna umeme, hakuna mdukuzi kutoka ng'ambo. Na bado aliyekuwa na foleni fupi alitangazwa mshindi, sehemu nyingi tu. Wizi ulifanyika mbele ya macho ya watu wote, na haukuwezekana kuthibitishwa. Kwa nini? Kwa sababu foleni ikishatawanyika haibaki kitu. Huwezi kuirudia kuihesabu. Huwezi kuipeleka mahakamani. Kila mtu aliona, lakini hapakuwa na karatasi.

Hapo ndipo pana hoja yangu yote. Kujua ukweli ni jambo moja. Kuuacha ukweli mahali ambapo mtu asiyekupenda anaweza kuja kuukuta ni jambo jingine kabisa. Siku hizi sisi tunashughulika na la kwanza tu.

Kuna kisa kilichotokea si mbali na lile hema la matanga, upande wa rasi ya Homa huko Karachuonyo, ambacho nadhani kila wakala wa uchaguzi angesimuliwa kabla ya kupewa fulana ya chama. Mwaka 1932 Louis Leakey alikuwa akitafuta mabaki ya binadamu wa kale pale Kanam, ufuoni mwa Ziwa Victoria. Tarehe 29 Machi mmoja wa wafanyakazi wake, Juma Gitau, alivunja bonge la mwamba akaona jino likichungulia. Lilikuwa taya la mtu. Leakey akafurahi mno. Akasema ni binadamu wa kale kuliko wote waliojulikana wa aina yetu, akalipa jina kubwa, Homo kanamensis. Mwaka 1933 wataalamu wakakutana Cambridge, wakalitazama, wakaridhika. Kijana wa miaka 29 kawa mtu mkubwa duniani kwa taya la Karachuonyo.

Kisha akaja mwanajiolojia mmoja mgumu, Percy Boswell, ambaye hakuridhika. Akasema, mimi sina neno na taya, nipeleke mahali lilipotoka. Mwaka 1935 akaja mwenyewe hadi Kanam. Na Leakey akashindwa kumwonyesha! Alikuwa amepigilia vigingi vya chuma, lakini wenyeji walikuwa wamevichukua. (Chuma kilikuwa mali, nani angekiacha kichakani? Babu zetu wale, siwaoni na kosa.) Kamera yake ilikuwa imeharibika, na picha aliyoitumia badala yake ikabainika kuwa ni ya mahali pengine. Boswell akarudi Uingereza akayaandika yote hayo katika jarida la Nature, na jina la Leakey likachafuka kwa miaka. Taya lenyewe leo wengi wanaona ni la mtu wa karibuni zaidi sana, tena mwenye uvimbe wa ugonjwa kidevuni.

Angalia vizuri. Leakey hakuwa mwongo. Taya alilipata kweli, na Juma Gitau aliliona kweli. Lakini "niliona kwa macho yangu" haikutosha, kwa sababu mtu mwenye shaka hakuwa na njia ya kuja kukagua bila kumtegemea Leakey.

Linganisha na yaliyotokea kwenye rasi hiyohiyo miaka ya karibuni. Pale Nyayanga watafiti walianza kuchimba katikati ya miaka ya 2010, na mwaka 2023 wakachapisha matokeo katika jarida la Science: mamia ya zana za mawe, mifupa ya viboko yenye alama za kukatwa, na meno mawili ya Paranthropus, kiumbe jamaa wa mbali wa binadamu. Umri? Kati ya miaka milioni 2.6 na milioni 3. Hawakusema "milioni 2.9 kamili, asiyeamini ni adui wa Wajaluo". Wakatoa nafasi ya kukosea. Na walipoulizwa nani alizitengeneza zile zana, wakasema haijulikani kwa hakika. Meno ya Paranthropus yako papo hapo, lakini hilo peke yake halithibitishi kwamba ndiye fundi. Fikiria mwanasiasa wetu akisimama jukwaani aseme hivyo!

Haya, turudi kwenye kura. Mwaka 2013 ndipo kompyuta zilipoingia kwa kishindo, na ndipo hadithi ya sava ilipopata miguu. Mfumo wa kutuma matokeo ukazimika njiani, na kabla haujazimika ulikuwa unaonyesha kura zilizokataliwa zaidi ya 300,000. Baadaye tume ikaeleza kwamba programu ilikuwa ikizidisha kura zilizokataliwa mara nane. Mara nane! Mimi ninaandika programu kila siku na naweza kuwaapia kwamba kosa la aina hiyo mtu yeyote anaweza kulifanya saa nane za usiku. Lakini aliye nje ataona nini? Ataona mkono wa mtu.

Halafu 2017. Siku chache kabla ya uchaguzi, meneja wa teknolojia wa tume, Chris Msando, aliuawa. Siku za kutangaza matokeo, mistari miwili ya wagombea ikatembea sambamba kwenye skrini, pengo la karibu asilimia kumi halipungui wala haliongezeki, na nchi nzima ikajifunza neno "algorithimu" kwa siku moja. Vifaranga vya kompyuta, tukasema. Nikiwa mwanafunzi wa mwaka wa kwanza nami nilisema hivyohivyo, kwa sauti kubwa sana. Leo naona aibu kidogo. Ukipika githeri ukaikoroga vizuri, kijiko cha kumi na kijiko cha mia vitakuwa na mahindi na maharagwe kwa kiasi kilekile. Vituo vikituma matokeo kutoka pande zote za nchi kwa mchanganyiko, asilimia hutulia mapema na kukaa hapo. Si ushahidi wa wizi, na wala si ushahidi wa usafi. Haisemi kitu.

Na kumbe kesi yetu ilikuwa nzuri! Mahakama iliufuta uchaguzi ule kwa majaji wanne dhidi ya wawili, na si kwa sababu ya mistari sambamba. Mshindi alikuwa ametangazwa kabla tume haijapokea fomu zote za 34A kutoka vituoni, na baadhi ya fomu zilikosa alama za usalama. Naam, majaji waliagiza pia sava zifunguliwe, tume ikakaidi, na ukaidi huo ukahesabiwa dhidi yake. Lakini kilichoanguka pale kilikuwa mnyororo wa karatasi, vigingi vya Leakey vilevile. Sisi tukashinda kesi kwa hoja moja, kisha tukarudi nyumbani tukiimba hoja nyingine. Wimbo ukawa "fungueni sava", na wimbo haujabadilika tangu hapo.

Sasa 2022, na hapa ndipo nitapoteza marafiki. Tume iliweka picha za fomu 34A kwenye tovuti, vituo 46,229, kila mtu mwenye simu aweze kuzipakua. Chombo tulichokuwa tunakililia, kikaletwa mezani. Mimi na wenzangu wawili tulikaa kwenye saiba moja Migori mjini, tukachukua fomu za wadi moja, tukazichapa moja moja kwenye jedwali, kisha tukalinganisha na fomu 34B ya eneo bunge, ambayo huorodhesha kila kituo kwa mstari wake. Kazi ya kuchosha, mwandiko wa watu waliokesha siku mbili unaujua mwenyewe. Mstari mmoja ukakataa. Tukashangilia, tumewashika! Tukaifungua tena ile fomu. Ni mwenzetu aliyekuwa amegeuza tarakimu mbili wakati wa kuchapa.

Nilipolisimulia jambo hilo hotelini jioni, mtu mmoja ninayemheshimu aliniuliza nimelipwa ngapi.

Mnakumbuka pia ile 0.01? Tarehe 16 Agosti 2022 makamishna wanne wa tume waliwaambia waandishi kwamba asilimia za wagombea zikijumlishwa zinazidi 100 kwa 0.01, na kwamba hiyo ni sawa na kura 142,000 hivi. Toa simu yako sasa hivi. Kura halali zilikuwa kama milioni 14.2. Asilimia 0.01 ya hizo ni kura kama 1,420. Wamekosea mara mia! Na hata hizo 1,420 si kura za mtu: ukiandika asilimia nne kwa desimali mbili, namba zote nne zikawa zimepandishwa kidogo ili kukamilika, jumla inazidi. Darasa la saba. Nilikuwa kwenye matatu ya Rongo redio ikitangaza jambo hilo, na abiria wote walikuwa na simu mkononi, na kila simu ina kikokotoo. Hakuna aliyekokotoa. Kumbuka, hata mimi sikukokotoa. Nilipiga makofi na wenzangu, nikaja kukokotoa usiku.

Kwa nini sikukokotoa? Kuna jaribio la zamani la mwanasaikolojia Peter Wason, la mwaka 1960. Unampa mtu namba 2, 4, 6 na kumwambia kuna kanuni hapa, nitajie namba nyingine tatu nami nitakwambia kama zinafuata kanuni. Wengi husema 8, 10, 12. Ndiyo, zinafuata. 20, 22, 24. Ndiyo. Wanatangaza kwa kujiamini: kuongeza mbili kila mara! La. Kanuni ni namba yoyote inayopanda tu. Wachache hujaribu 1, 2, 3, na wachache zaidi 6, 4, 2, kwa sababu akili ya mtu hutafuta "ndiyo". Kila aliyewahi kufanyia majaribio programu yake mwenyewe anaujua ugonjwa huu.

Nasi tunao. Tumekuwa tukidai kukagua vituo vya kule, vya wenzetu. Sijawahi kusikia mtu chini ya hema lolote akisema twende tukakague za Ndhiwa au Suna. Tume ya Kriegler, iliyochunguza uchaguzi wa 2007, ilisema daftari la wapiga kura lilikuwa na marehemu kama milioni 1.2, na kwamba idadi ya waliojitokeza ilitia shaka katika ngome za pande zote mbili. Pande zote mbili. Mkoa wa Kati, ndiyo, na Nyanza pia. Ripoti hiyo kwetu tumesoma nusu yake.

Na wenzangu wa kazi msicheke, kwa maana nyinyi ndio mtakuja 2027 na blokicheni. Nawajua. Mtasema tatizo ni kuaminiana, na hisabati itamaliza tatizo. Haya, blokicheni itazuia mtu asibadilishe namba ikishaingia. Itafanya nini wakala akiwa ameondoka saa kumi na moja jioni kwenda kutafuta chakula, au amepewa elfu mbili atie sahihi bila kuhesabu? Fomu yenyewe inaweza kusema uongo. Kinachoizuia ni watu wanaosimama katika kile chumba cha darasa, taa ya sola ikififia, karatasi moja moja ikinyanyuliwa juu, mpaka mwisho. Kituo kimoja hakizidi wapiga kura 700. Mtu anaweza kuwahesabu kwa vidole na subira. Kisha fomu inabandikwa mlangoni, na mahakama zilishasema mwaka 2017 kwamba matokeo ya mashinani ni ya mwisho, Nairobi wao ni kujumlisha tu. Piga picha mlango ule. Hiyo picha ikiwa kwenye simu za watu kumi wa vyama vinne, sava ifunguliwe isifunguliwe, hakuna kitakachobadilika.

Hayo yote nilimweleza mjomba, kwa maneno machache kuliko haya, nashukuru Mungu. Nikamchorea hata kwenye karatasi ya programu ya mazishi. Alisikiliza, na alipofika kwenye ile 0.01 aliniomba simu akakokotoa mwenyewe, mara mbili. Akanyamaza kitambo.

Nikaona nimpige shoka la mwisho. "Mjomba, Agosti 2027 nitakuja nyumbani. Tukae wote kituoni, mimi na wewe, tangu asubuhi hadi fomu ibandikwe. Wewe uwe wakala."

Akanirudishia simu. "Na chama kitalipa ngapi?"

Nikamwambia sijui. Akasema basi nikijua nimpigie.